Babu Yako Yumo Katika Daftari la Baraza

Msomaji mpenzi, hebu jaribu jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Wataje babu zako wa upande wa baba, mmoja mmoja, mpaka wa nne. Pengine waweza. Sasa wataje bibi zako wa upande wa mama: mama yake mama, na mama yake huyo, na mama yake tena. Hapa wengi wetu hunyamaza. Na kwa Mzigua wa Handeni kunyamaza hapo si jambo dogo, maana wazee wetu walihesabu ukoo kwa tumbo la mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno juu ya mali na juu ya watoto wa dada yake. Asiyewajua bibi zake hajui ukoo wake ulikotoka.

Habari za wakubwa zimekwisha andikwa. Wakilindi wa Vuga walimpata Abdallah bin Hemedi, akawaandikia Habari za Wakilindi. Na Wazigua walimpata Anthony Mochiwa, ambaye kitabu chake Habari za Wazigua kilipigwa chapa mwaka 1954. Lakini yule mkulima wa Mkata au wa Mashewa aliyelima mahindi yake, akaoa, akadaiwa mahari, akazeeka, akafa, nani aliyemwandika? Nakujibu: wawili. Wa kwanza ni padre, kama mtu huyo alibatizwa. Wa pili ni karani wa baraza, siku ile aliyoshtaki au kushtakiwa. Mimi ni karani wa parokia, na vitabu vya ubatizo ni kazi yangu ya kila siku. Lakini leo nataka kusema juu ya yule karani wa pili, ambaye watu humkimbia bure.

Maana husikii watu wakijisifu, “Katika ukoo wetu hakuna hata mmoja aliyepata kufika mahakamani”? Ni sifa njema, sikatai. Lakini mjukuu wa watu hao, akitaka kujua habari zao, atakuwa na kazi ngumu kuliko mjukuu wa mgomvi.

KARATASI MOJA

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwaka 1936 mtu wa Sindeni alimshtaki mkwewe barazani kwa ajili ya mahari. Mke amekimbia, naye mume ataka mahari irudi. Karani aandika jina la mdai na la baba yake, kijiji chake na jumbe wake; kisha mdaiwa vilevile. Mdai aeleza kwamba alioa baada ya nzige kupita, akatoa mbuzi kadha, majembe na kaniki ya mama mkwe, na baadhi ya mbuzi hao alipewa na mjomba wake wa Mgambo. Mdaiwa ajibu kwamba mbuzi wawili hawakumfikia yeye hata kidogo, bali walichukuliwa na kaka yake mama wa binti, kwa kuwa ndiye mwenye mtoto. Mjomba huyo aitwa, aapa, asema yake, aweka dole gumba. Baraza lakata shauri, ada yaandikwa, basi.

Shauri lenyewe ni la mbuzi. Lakini wewe mjukuu, tazama ulichookota. Una majina ya watu watano au sita na namna walivyohusiana. Una vijiji vitatu. Wajua ndoa ilifungwa wakati gani, kwa sababu nzige wale wanajulikana miaka yao. Wajua ni mjomba yupi aliyemsaidia babu yako kuoa, na kwa hiyo ni nyumba gani ambayo nyumba yenu ilikuwa na deni kwake. Kitabu cha ubatizo hakiwezi kukupa haya. Chenyewe hutaja baba, mama, msimamizi na tarehe, na pembeni ndoa ikifungwa. Ni kifupi kama inavyopasa. Barazani watu walisema mpaka wakachoka.

Tena walisema kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili wakaandikwa. Mwanamke ambaye hakujua kusoma, ambaye hakuna kitabu kingine chochote kilichomtaja, alisimama pale akaeleza kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini alirudi kwao. Ni wapi pengine utakapoisikia sauti ya bibi wa bibi yako?

Wenzetu wa nchi za mbali wameligundua jambo hili zamani. Kusini ya Ufaransa kuna kijiji cha milimani kiitwacho Montaillou. Kati ya mwaka 1318 na 1325 Askofu wa Pamiers, Jacques Fournier, aliwahoji watu wa upande ule katika baraza lake la kuchunguza uzushi, na makarani wake wakaandika majibu kwa urefu. Askofu huyo baadaye akawa Papa, ndiye Benedikto wa XII, na daftari lake likatunzwa Vatikano. Ikapita miaka zaidi ya mia sita. Mwaka 1975 Mfaransa Emmanuel Le Roy Ladurie akatoa kitabu juu ya kijiji kile, akatuonyesha wakulima na wachungaji wa kondoo, watu wapata mia mbili na hamsini: nani alimwoa nani, walikula nini, walilala wapi, nani alimchukia nani na kwa sababu gani. Askofu alitafuta uzushi. Sisi tumepata kijiji kizima. (Sidhani wale waliohojiwa waliona faida hiyo siku ile.)

Karibu na kwetu, Mmarekani Sally Falk Moore alisoma madaftari ya mabaraza ya Uchagani, akatoa kitabu chake juu ya sheria na desturi za Kilimanjaro mwaka 1986. Huko Kenya, Brett Shadle alisoma mashauri ya ndoa ya Wagusii. Na Unguja, Elke Stockreiter alisoma mashauri ya makadhi. Handeni yetu nayo haikusahauliwa. James Giblin aliwauliza wazee wa Uzigua na kupekua majalada ya serikali, na kitabu chake juu ya nchi hii kutoka mwaka 1840 hata 1940 kilitoka mwaka 1992. Ni kazi nzuri, lakini ni ya historia ya nchi. Historia ya nyumba yako hakuna atakayetoka ng'ambo kuja kukuandikia.

YASIYOSEMWA MSIBANI

Sasa nikwambie upande mwingine, maana si haki kukutuma njia ambayo sikukuonyesha miiba yake.

Uzigua ni nchi ya njaa. Mvua ikikosa mara mbili, ghala ni tupu. Katika njaa kubwa za karne ya 19, na hasa ile ya nzige ya miaka ya 1894 na 1895, watu waliwaweka ndugu zao rehani kwa wenye chakula. Mjomba alikuwa na haki ya kumtoa mpwawe, mara nyingi mtoto wa kike, apate mahindi ya kuwalisha waliobaki. Aliyewekwa rehani alikuwa akomboliwe baadaye. Wengine walikombolewa. Wengine hawakukombolewa kamwe, na watoto wao wakahesabiwa kuwa wa ukoo wa yule aliyewalisha. Kando ya hao walikuwako watumwa wenyewe. Mjerumani hakuufuta utumwa mara moja. Alitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, kisha kwa amri ya mwaka 1904 akasema mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Mwingereza ndiye aliyeufuta kwa sheria mwaka 1922.

Mambo haya hayasemwi msibani wakati ukoo unapotajwa. Lakini barazani yalisemwa, kwa kuwa mali ilihusika. Mtu akidai mirathi, mpinzani wake husimama akasema: huyu si wa tumbo letu, bibi yake aliletwa hapa wakati wa njaa. Basi, msomaji, waweza kufungua jalada ukitafuta heshima ya babu, ukamkuta bibi aliyeuzwa kwa vikapu vya mahindi. Je, umo tayari? Mimi naona hakuna aibu yoyote juu ya bibi huyo. Aibu, kama ipo, ni ya njaa na ya waliofaidika nayo. Hata hivyo wako wazee walio hai ambao walificha neno hilo maisha yao yote. Usilisome mbele ya watu kabla hujakaa nao faraghani.

Na wako waliochukuliwa mbali zaidi. Katika nusu ya kwanza ya karne ile ya 19, Wazigua wengi walivushwa kwa majahazi mpaka pwani ya Somalia wakafanywa watumwa. Baadhi walitoroka wakafanya makao katika bonde la Mto Juba. Mapokeo yao humtaja mwanamke Wanankhucha kuwa kiongozi wao. Walikaa huko vizazi vingi wakisema Kizigua. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwafukuza, wengine wakafika Kenya, wengine kwetu, na mwaka 2003 makazi ya Chogo yakafunguliwa kwa ajili yao katika Handeni hii hii. Wenzao maelfu walipelekwa Marekani. Hawakuja na karatasi ya baraza lolote. Walikuja na lugha na majina ya koo za mama zao, na kwa hayo wazee wa hapa wakawatambua. Ndiyo kusema kinywa nacho ni daftari, tena imara, wanaokitunza wakiwapo.

MITEGO YA KARATASI

Usiamini kila neno kwa sababu limeandikwa. Anayesema barazani ataka kushinda. Akidai shamba, huutengeneza ukoo ufuate shamba: huongeza babu hapa, hupunguza bibi pale. Soma maneno ya pande zote mbili, na ya mashahidi, kisha uangalie lile ambalo wapinzani wote wawili wanakubaliana. Hilo, kwa kawaida, ndilo la kushika. Hukumu haikuambii nani alisema kweli juu ya ukoo. Yakuambia tu baraza lilimsadiki nani.

Maneno ya udugu nayo hudanganya. Karani aliandika “baba yake” na kumbe ni baba mdogo. Aliandika “mama” na kumbe ni dada yake mama. Mwenye kusema hakukosea, ndivyo tusemavyo sisi sote. Lakini wewe unayechora mti wa ukoo utamwongeza mtu asiyezaa au kumfuta aliyezaa. Umri ulikisiwa kwa macho. Kabila liliandikwa kama mtu alivyolitaja, na aliyeletwa utumwani kutoka mbali angeweza kujiita Mzigua, ili yaishe.

Majina ndiyo kazi kubwa. Mtu mmoja aweza kuwa na jina la utotoni, jina la jandoni, jina la mwanawe wa kwanza na jina la ubatizo. Niliyemwona Petro katika kitabu chetu, barazani aliandikwa jina ambalo hata wajukuu hawakulijua mpaka shangazi yao kikongwe alipocheka akasema, “Ndiye huyo!” Kisha tahajia: Mzigua hasemi r, husema l, na hata Korogwe kwake ni Kologwe, karani kutoka pwani alirudisha r kila alipodhani imekosekana, na pengine haikukosekana. Mjerumani aliandika sch mahali pa sh, na dj mahali pa j. Ramani za zamani huiita nchi yetu Useguha. Basi litafute jina lako kwa namna zake zote kabla ya kusema halimo.

Wakazi wa Korogwe ambao baba zao walikuja kukata mkonge wana mlango wao. Kwa sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kuvunja mkataba na kutoroka kazini lilikuwa kosa la jinai, na mashauri hayo yalikwenda kwa hakimu Mzungu, yakaandikwa kwa Kiingereza. Babu aliyetoka Njombe au Kigoma akafungwa kwa kutoroka shamba, jina lake laweza kuwamo, na pamoja nalo jina la shamba na la kwao alikotoka. Familia nyingi za manamba zimepoteza jina la kijiji cha asili kabisa. Huenda limehifadhiwa na kosa.

ZIKO WAPI

Hapa lazima ujue kidogo jinsi mabaraza yalivyofuatana. Wakati wa Mjerumani mashauri yalisikilizwa na majumbe na maakida, na makubwa yakaenda bomani: ya Handeni yalielekea Pangani, na ya milimani juu ya Korogwe yalielekea Wilhelmstal, ndiyo Lushoto. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia Korogwe na Handeni. Mwaka 1920 ikatoka sheria ya mabaraza ya wenyeji; mwaka 1929 ikatoka nyingine, iliyoyaondoa chini ya Mahakama Kuu na kuyaweka chini ya Mabwana Shauri. Shika neno hilo la 1929, lina faida kwako. Tangu hapo rufani ilitoka barazani ikaenda kwa Bwana Shauri, kisha kwa Mkuu wa Jimbo, kisha kwa Gavana, wala si kwa majaji. Kwa hiyo daftari la baraza likiliwa na mchwa, shauri lililokatiwa rufani laweza kuwa bado limo katika majalada ya ofisi ya wilaya au ya jimbo la Tanga. Mwaka 1951 ikatoka sheria ya mabaraza ya mahali, na tarehe 1 Julai 1964 zikaanza Mahakama za Mwanzo tulizo nazo, na ngazi moja ya rufani mpaka Mahakama Kuu.

Majalada mengi ya kikoloni yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na sheria ya mwaka 2002 yaruhusu nyaraka za serikali zisomwe na watu zikitimiza miaka thelathini. Andika barua kwanza, ueleze unachotafuta, kabla ya kutumia nauli. Mashauri ya tangu 1964 anza kuyauliza katika Mahakama ya Mwanzo yenyewe au ya Wilaya: nenda na majina, mwaka na namba, ulipe ada ya nakala, uwe mpole kwa karani wa masjala. Kumbuka pia kwamba Kilindi ilikatwa kutoka Handeni mwaka 2002, basi mtu wa Kwediboma asishangae kutumwa Handeni. Hukumu za karibuni za Mahakama Kuu na ya Rufani vijana wenu waweza kuzisoma bure kwa simu katika mtandao wa TanzLII.

Lakini huko kote ni mwisho wa safari, si mwanzo. Mwanzo ni sandukuni mwa bibi.

Bwana mmoja wa upande wa Korogwe, jina simtaji, alinijia akitaka tarehe ya ubatizo wa babu yake mzaa mama. Alikuwa na ugomvi wa shamba. Wajukuu wa ndugu yake babu walisema: babu hakuacha mtoto wa kiume, shamba lirudi kwetu, na wewe ni mtoto wa manamba, baba yako alikuja na mkonge. Yeye alisema: babu alimpa mama yangu. Nikamwuliza kama nyumbani kuna karatasi yoyote. Akaleta moja iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Waliitunza miaka yote wakiiita hati ya shamba, wala hakuna aliyeisoma. Ilikuwa nakala ya hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ya mwaka 1967. Babu yake alikuwa amemshtaki jirani ambaye mbuzi wake walikula mihogo.

Tukaisoma pamoja. Jirani alijitetea kwamba mlalamikaji si mwenye shamba. Babu akajibu, na karani akaandika: shamba ni la ukoo wa mke wangu, mimi nimepewa nilime. Yule bwana akainamisha kichwa. Alidhani amekwisha. Lakini ukurasa wa pili kulikuwa na shahidi, shemeji yake babu, aliyesema kwamba yeye na mke wa mlalamikaji ni tumbo moja, akamtaja mama yao na kijiji chao upande wa Mashewa, na kwamba shamba lilikuwa la mama huyo tangu kale.

Tafakari, msomaji. Pande zote mbili zilikuwa zikidai kwa jina la babu, na babu mwenyewe alikana. Shamba lilikuwa la bibi. Na kwa tumbo la bibi ni nani aliyemo? Ni huyu “mtoto wa manamba”, kwa kuwa mama yake ni binti wa bibi huyo. Wajukuu wa ndugu yake babu hawamo. Lakini usifurahi upesi. Wako na wengine wa tumbo hilo. Alikwenda Mashewa akiwa na jina lile la bibi mkubwa, akauliza, akakuta nyumba tatu za watu asiowahi kuwasikia, wakampokea kama mwana aliyepotea, wakamchinjia kuku, na asubuhi wakamwambia kwamba nao wana neno juu ya shamba. Shauri lao halijaisha nikiandika haya. Alikuja kutafuta shamba la peke yake. Sasa ana wajomba saba na robo ya shamba, na sijamwona akilalamika sana.

Basi fungua sanduku. Tafuta karatasi yenye mhuri, hata kama ni risiti ya ada au ya faini tu. Usiikunjue kwa nguvu mahali ilipokunjwa, wala usiibandike kwa gundi. Iweke katikati ya kitabu kikubwa siku mbili tatu ikae sawa, kisha uinakili neno kwa neno katika daftari, pamoja na makosa yake ya tahajia. Juu ya ukurasa wa kwanza utaona namba ya shauri na mwaka. Hizo mbili uziandike mara mbili, mahali pawili, maana karani wa masjala ndizo atakazokuuliza kwanza.